Gari Lilipinda Kulia, Nikasema Ni Mikono ya Dada

Mimi kipimo changu hakijawahi kukosea. Hata siku moja.

Muulize yeyote anayenijua. Nikisema hapa pamenyooka, pamenyooka. Nikisema pamepinda, nenda kalale, ukiamka utakuta pamepinda.

Ishike hiyo. Tutairudia.

Jumamosi moja, mbele ya watu kama sitini, gari letu dogo la mashindano liliondoka kwenye mstari, likanyooka hatua tatu, halafu likakata kulia lenyewe kama lililoitwa jina.

Halikupunguza mwendo. Lilipanda tuta, likaruka, likainamisha bega la kulia hewani, likatua juu ya kiatu cha mwamuzi.

Kiatu cheupe. Yaani, kilikuwa cheupe.

Na Dada, aliyekuwa juu ya jukwaa na rimoti mkononi, usukani wake mdogo hakuuzungusha hata kidogo. Niliuona kwa macho yangu haya mawili. Ulikuwa umenyooka kama rula.

Hiyo rula nayo, ishike.

"Hilo gari lina wenyewe," mtu mmoja akasema nyuma yangu.

"Lina jini," mwenzake akamjibu. "Tena jini la mkono wa kulia."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Lile gari nililiunga mimi, skrubu kwa skrubu, na hakuna fundi anayependa kuchekewa kazi yake ikiwa bado inatoa vumbi.

Kwa wasiojua, haya si magari ya kuchezea watoto. Ni gari la betri, urefu wake kama kutoka kiwiko mpaka ncha za vidole, la kukimbia kwenye udongo na kuruka matuta. Linakuja ndani ya boksi likiwa vipande mia kadhaa. Mota huku, giya kule, shokamzoba nne unazozijaza mafuta mwenyewe kwa bomba la sindano, na mfuko wa skrubu ndogo kama mbegu za nyanya.

Ukishaliunga ndipo unaanza kuliseti. Hapo ndipo watu wazima na ndevu zao hulia.

Nyumbani tuko watatu. Mimi, niliyemaliza sekondari na kuamua kwamba dunia inanisubiri. Dada, anayefungasha mikate kiwandani zamu ya alfajiri. Na Shangazi, dada yake baba, fundi cherehani aliyetulea, ambaye huniita Injinia pale anapotaka kunitukana bila kupata dhambi.

Watu watatu, meza moja.

Meza yenyewe ni ndefu, imesogezwa ukutani. Upande wa dirishani kuna cherehani ya Shangazi. Upande wa mlangoni, gari langu. Katikati, chakula. Kitambaa cha meza kinashuka mpaka sakafuni, maana Shangazi anasema meza bila kitambaa ni sawa na mtu kutoka nje na taulo.

Kazi tuligawana. Mimi naunda, Dada anaendesha. Na Dada anajua, wewe. Nimewahi kumwona akipitisha gari kati ya tairi mbili zilizoacha nafasi ya kupita paka, huku anapiga miayo.

Sasa sikia kilichokuwa mezani, na si chakula.

Kilabu yetu hupeleka timu ya watu watano kwenye mashindano makubwa ya mwaka. Wanne walikuwa wameshapatikana. Nafasi ya tano ilikuwa na majaribio ya Jumamosi tatu. Mbili za kwanza ni za kupanga nani aanzie wapi, ya tatu ndiyo ya kukata mzizi wa fitina. Wa kwanza siku hiyo, anaondoka na timu.

Mwaka jana Dada aliikosa nafasi hiyo kwa sekunde moja. Sekunde moja! Mwaka mzima nimemsikia akiitaja kama mtu aliyeibiwa pochi.

Na mwaka ujao zamu zake zinahamia Jumamosi. Kwa hiyo ilikuwa ni sasa, au basi.

"Mdogo wangu," aliniambia siku tunafungua boksi, "mimi nikikosa safari hii, rimoti naiweka juu ya kabati na sitaishusha tena."

"Dada, wewe endesha tu. Gari niachie mimi."

Nilisema hivyo. Kwa mdomo huu.

Na sikufanya kazi ya kubahatisha. Wengine wanaseti gari kwa jicho. Mimi nilikwenda kwa jirani yetu mwashi, mtu wa kujenga kuta, nikaazima pima maji yake. Ile ya chuma, yenye kidirisha na kipovu ndani.

Nikaliweka gari mezani, ukuta ukiwa kushoto kwake. Nikailaza pima maji juu ya mgongo wa gari. Kipovu kikaonyesha kushoto kumelala. Nikakaza springi ya kushoto ya nyuma, robo mzunguko, robo mzunguko, mpaka kipovu kikakaa katikati kama mfalme.

Safi. Kipimo hakidanganyi.

Hata tatizo la skrubu kuanguka nilikuwa nimeshalimaliza. Siku ya kwanza zilibiringika nne zikaenda sakafuni, moja mpaka leo sijaiona. Nikabuni dawa. Tangu hapo hakuna skrubu iliyogusa chini, zote zinatulia ukutani.

Dawa gani? Siri ya fundi.

Basi, baada ya Jumamosi ile ya kiatu, nikarudi nyumbani nimekasirika mpaka masikio yanawaka.

Nikafungua shokamzoba zote nne. Nikamwaga mafuta, nikajaza mengine, nikasubiri mapovu yapande moja moja, kazi ya mtu asiye na marafiki. Nikafunga. Nikalipima kwa pima maji. Kipovu katikati.

Nikalipeleka uchochoroni nyuma ya nyumba.

Likapinda kulia.

Jumatatu nikabadilisha kile kimota kidogo kinachogeuza magurudumu ya mbele. Pima maji, kipovu katikati. Uchochoroni.

Likapinda kulia.

Jumatano nikafungua difu, kile kisanduku cha giya kinachogawa nguvu kwa magurudumu. Nikatoa giya moja moja, nikazipaka grisi mpya, nikajipaka na mimi, nikaipaka grisi simu ya Dada aliyokuwa ameiacha hapo. Nikafunga. Kipovu katikati.

Ukweli ni kwamba polepole lilikuwa linanyooka. Lakini ukilipa moto tu, kulia. Ukishika breki, kushoto. Kama mlevi anayetafuta mlango.

Nikabadilishana tairi za kushoto na za kulia. Nikasema, haya, kama ni tairi, sasa utapinda kushoto.

Likapinda kulia!

Nilikaa chini pale uchochoroni nikalitazama. Lenyewe likanitazama. Nakwambia, kuna vitu havina macho lakini vinajua kudharau.

Na ndani ya nyumba nako hakukuwa na amani.

"Injinia," Shangazi akaniambia tunakula, "mbona mchuzi wangu unakimbilia ukutani? Umeona nini upande huu?"

"Mchuzi mwepesi huo, Shangazi. Ongeza viazi."

"Na reli yangu ya uzi haitulii. Nikiiweka hapa, inabiringika kule, kama ina miadi na ukuta."

"Upepo wa dirishani."

"Dirisha limefungwa."

"Basi fungua, utoke."

Dada akacheka, maji yakampalia.

"Na rula yangu ya mbao je?" Shangazi akaendelea, maana akianza huwa hana kituo. "Ile niliyopewa na mama aliyenifundisha kushona. Mwezi wa tatu huu naitafuta. Nakata nguo za watu kwa kukisia kama mwizi."

"Muulize Dada," nikasema huku natafuna. "Labda aliibeba kazini, akapimia mikate."

"Mimi?" Dada akashangaa.

"Nimesema labda."

Jumamosi ya pili ikafika. Mwenyewe nilikuwa sijalala vizuri wiki nzima, nimekonda, kucha nyeusi.

Gari likatoka. Likakata kulia. Dada akalirudisha kwa nguvu, likaenda kushoto mno. Akalirudisha tena, likapanda tuta, bega la kulia chini, likabingirika mara tatu. Akamaliza wa mwisho. Wa mwisho kabisa, nyuma hata ya bwana mmoja ambaye betri yake ilizimika akasubiri abadilishiwe.

Wa kwanza alikuwa Kofia. Huyu tunamwita hivyo kwa sababu kofia yake huivaa nyuma mbele, na akishinda anaigeuza. Siku hiyo aliigeuza taratibu sana, ili tuone vizuri.

Dada akashuka jukwaani. "Fundi, gari vipi?"

Aliuliza kwa upole. Hilo ndilo linaniuma mpaka leo. Aliuliza kwa upole, na mimi nilikuwa nimezungukwa na watu, na Kofia alikuwa ananitazama, na uso ulikuwa unaniwaka.

"Gari liko sawa," nikasema kwa sauti. "Nimelipima kwa pima maji mara kumi. Kama kuna kilichopinda hapa, ni mikono yako."

Watu wakalipuka kwa kicheko. Kofia akapiga makofi kabisa.

"Mkono Pinda!" mmoja akaita.

Jina likashika pale pale, kama gundi ya tairi.

Dada alinyoosha mkono wake wa kulia mbele yake, akautazama, kama mtu anayetazama kitu alichoazimwa.

Wiki iliyofuata nilimkuta kwenye korido, rimoti imezimwa mkononi, anafanya mazoezi mbele ya kioo. Alikuwa amefunga kijiko cha mbao kwenye kifundo cha mkono kwa kitambaa cha Shangazi, ili mkono usipinde.

Kijiko, jamani. Cha kukorogea uji.

"Nafikiri uko sahihi," akaniambia. "Nikitazama kwenye kioo, naona kama unaenda kulia kidogo. Na wewe unaona?"

Nikatazama. Niliuona umepinda. Nakuapia niliuona! Ukishajiaminisha jambo, macho yanakuletea unachotaka, kama mhudumu anayetafuta bakshishi.

"Kidogo," nikasema.

Alhamisi akarudi kutoka kazini, akavua viatu, akakaa.

"Nimeamua. Kesho jioni nampigia simu katibu wa kilabu, najitoa. Rimoti naiweka juu ya kabati."

Shangazi akasimamisha cherehani. "Kwa nini?"

"Mikono yangu haifai, Shangazi. Kila mtu ameona."

Shangazi akanitazama mimi. Mimi nikatazama springi.

Ijumaa nilikuwa peke yangu nyumbani. Dada kazini, Shangazi amekwenda kumpeleka mteja gauni. Nikalifungua lile gari kwa mara ya mwisho, nikafunga, nikapima, kipovu katikati, uchochoroni.

Unajua lilichofanya.

Nikarudi ndani, nikatupa bisibisi ukutani. Nikapiga mguu wa kiti, kidole kikaumia, nikakitukana kiti. Halafu nikaona mwanga. Nimeangalia kila kitu isipokuwa kimoja. Pima maji!

Nikampigia simu mwashi.

"Pima maji yako mbovu, mzee. Imenipotezea wiki mbili."

Dakika kumi hazikufika, alikuwa mlangoni. Saruji kwenye viatu, hasira kwenye pua.

"Nani mbovu?"

"Pima maji."

"Nimejenga nayo kuta za mtaa huu mzima, hakuna hata moja iliyolala. Lete hapa."

Akalisogeza gari langu kando kama sahani chafu, akailaza pima maji juu ya meza tupu.

"Soma."

"Kipovu kimekuja upande wetu."

Akaigeuza, kichwa kikawa mkia. "Soma tena."

"Kimekuja... upande wetu."

"Mbovu ingebadilisha maneno. Hii imesema neno lile lile mara mbili." Akanyanyua kidole. "Pima maji yangu ni nzima. Meza yako ndiyo imelewa."

Akaligeukia gari.

"Hilo gari ulikuwa unalipima juu ya nini?"

"Juu ya..."

"Sema tu."

"Meza."

Alinitazama kama anavyotazama ukuta uliojengwa na mtu mwingine.

"Kijana, mimi kabla sijaweka tofali la kwanza napima chini. Wewe umepima paa wakati msingi umelala." Akaanza kuondoka.

"Niachie hadi kesho, mzee. Tafadhali."

Akaniachia. Kwa huruma, si kwa heshima.

Nikamsindikiza mpaka nje, nikarudi, nikafunga mlango, nikageuka kuitazama ile meza. Na pale pale nikaikumbuka ile siri ya fundi.

Haya, nisikufiche.

Siku ile skrubu zilipoanguka, nilikuwa pia na balaa jingine. Ile rula ya mbao ya Shangazi nilikuwa nimeikanyaga kwa bahati mbaya, ikavunjika. Ikatoka vipande vinne. Vinavyolingana, lakini mambo hutokea.

Nikajiuliza, nitavificha wapi? Na hizi skrubu, nitazizuiaje?

Nikainua kitambaa cha meza. Vipande viwili chini ya mguu huu, viwili chini ya mguu ule, miguu yote miwili ya upande wetu. Unene wa kidole tu. Meza ikaegemea ukutani, skrubu zikawa zinabiringika kule, na rula ikapotea duniani. Ndege wawili kwa jiwe moja. Nilijipongeza, nikanywa na soda.

Halafu nikasahau. Kweli kabisa, nilisahau.

Kwa hiyo kila nilipoliseti gari, nilikuwa nakaza springi ya kushoto ili kurekebisha kosa la meza. Juu ya meza gari linaonekana sawa. Ukiliweka chini, kwenye ardhi isiyo na rula ya Shangazi, gari ndilo linakuwa limepinda. Na kila nilipotengeneza, nilimaliza kwa kuliharibu upya. Kwa kipimo!

Nikapiga magoti, nikaingiza mkono chini ya kitambaa. Kimoja, cha pili. Nikahamia mguu wa pili. Cha tatu, cha nne. Kila kimoja kina namba zake za sentimita.

"Dada asijue," nikanong'ona. "Dada asijue kabisa."

Nikavifunga kwenye gazeti, nikavitupa kwenye pipa la nje. Nikalegeza springi, kushoto na kulia zikafanana. Pima maji juu ya meza kwanza, kipovu katikati. Juu ya gari, kipovu katikati.

Uchochoroni nikalipa moto wote.

Likaenda. Moja kwa moja kama mate ya aliyekasirika. Mpaka ukuta wa mwisho.

Ningepaswa kuruka kwa furaha. Sikuruka. Nilisimama na sentensi mbili kinywani, moja ya ukweli, moja ya sifa, nikisubiri kuona ipi itatoka.

Dada akaingia, simu mkononi, anatafuta namba ya katibu.

"Usipige," nikasema. "Jaribu kesho mara moja tu. Nimekutengenezea gari linalovumilia mikono yako."

Ya sifa ikatoka.

Akanitazama, macho yakamlowa. "Kweli, mdogo wangu? Umefanya hivyo kwa ajili yangu?"

"Nimekesha," nikasema.

Sikukesha.

Jumamosi ya tatu. Uwanja wetu ni kiwanja cha udongo nyuma ya karakana ya mbao, njia imechorwa kwa mipira ya maji iliyochakaa. Watu walijaa. Hata Shangazi alikuja, na chupa yake ya chai na mkoba wa kazi kwapani. Yeye ambaye hajawahi kuja.

Kwa sababu ya matokeo yetu mazuri yale, Dada alianzia nyuma kabisa.

"Mkono Pinda, uwanja unaelekea huku!" Kofia akamwita. Watu wakacheka.

Kengele ikalia.

Mzunguko wa kwanza alinitoa roho. Mkono wake ulikuwa umezoea kupambana na kupinda, kwa hiyo kila akilipa moto anavuta kushoto, na gari sasa halikuhitaji kuvutwa. Likagusa mpira wa kushoto, likagusa tena.

Nikamwona juu ya jukwaa anakunja uso. Nikamwona anatazama mkono wake.

Halafu akafanya jambo moja. Akaacha kupambana. Akanyoosha usukani, akaliachia.

Mama yangu!

Gari lilipita wawili kwenye kona, mmoja kwenye tuta. Likaruka limelala hewani kama kitabu mezani, magurudumu manne yakagusa chini kwa pamoja. Mzunguko wa nne alikuwa wa tatu. Wa tano, wa pili. Kofia mbele yake, anaangalia nyuma, na dereva anayeangalia nyuma ameshakwisha.

Tuta la mwisho Dada akampita hewani. Hewani!

Watu sitini walipiga kelele mpaka mafundi wa karakana wakazima msumeno wao, wakaja kuchungulia. Kofia alivua kofia, hakujua aivae upande gani.

Dada akashuka analia na kucheka. Akanikumbatia mbele ya katibu wa kilabu.

"Bila huyu ningekuwa nyumbani," akamwambia katibu. "Mimi mikono yangu ni mibovu. Yeye ndiye aliyenitengenezea gari la kuivumilia."

Katibu akanigeukia. "Hongera, fundi. Timu yetu haina fundi. Umefanyaje?"

Hapo ndipo ningenyamaza. Mtu mwenye akili angenyamaza.

"Ni vipimo tu," nikasema, nikaweka mikono mfukoni. "Gari la kawaida lisingevumilia mikono kama ile. Ilibidi nilipe akili. Mimi, unajua, kipimo changu hakijawahi..."

"Injinia."

Sauti ya Shangazi. Alikuwa nyuma yangu, anamimina chai kwenye kifuniko cha chupa, ametulia kama hakuna kitu.

"Naam, Shangazi."

"Leo asubuhi reli yangu ya uzi nimeiweka mezani, ikabaki pale pale. Mchuzi wa jana usiku nao ulikaa katikati ya sahani. Ukuta umegombana na nani?"

"Shangazi, tutaongea nyumbani."

"Tutaongea hapa, ulipomtukania mwenzio." Akampa Dada ile chai. "Jana nilirudi mapema. Nimeingia kwa mlango wa uani wewe ukiwa unamsindikiza mwashi. Nikaingia chini ya meza na sumaku yangu, naokota pini. Mara naona mkono unaingia chini ya kitambaa. Nikasema, panya wa leo ana saa ya mkononi."

Nikausukuma mkono wenye saa ndani zaidi mfukoni.

"Mkono ukachukua kimoja, ukachukua cha pili. Ukaenda mguu wa pili. Halafu mwenye mkono akanong'ona." Akanywa fundo moja kwenye chupa yenyewe. "Niseme alinong'ona nini, au utasema mwenyewe?"

Akafungua mkoba. Akatoa gazeti, lile lile la pipani, akalikunjua. Vipande vinne, namba zake zote zikisomeka.

"Hii ndiyo mikono iliyopinda," akamwambia Dada. "Ilikuwa chini ya meza miezi mitatu. Meza ilikuwa imelala, na huyu akilisetia gari hapo hapo."

Dada alivitazama vile vipande. Akanitazama mimi. Aibu yake yote ya jukwaani ikanihamia.

Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alinyoosha mkono wake wa kulia mbele ya pua yangu. Alama ya kitambaa cha kijiko bado ilikuwepo kwenye ngozi.

"Umepinda?"

"Hapana."

"Sisikii."

"Haujapinda, Dada."

Akamgeukia mwamuzi, yule wa kiatu, aliyekuwa ameshika spika yake ya kutangazia. Mwamuzi akanikabidhi bila kuulizwa, kwa furaha nisiyoweza kuielezea.

Nikapanda jukwaani. Nikasema. Watu sitini, na wale wa karakana.

Kuanzia hapo jina la Mkono Pinda limehama. Siku hizi ni langu. Timu imepata fundi mwingine, mimi nabeba betri, na kabla ya kuruhusiwa kugusa hata tairi natakiwa kuilaza pima maji mezani na kusoma kwa sauti, wote wanasikia.

Adhabu ya mwisho ya Dada ilikuwa niyaandike haya, niyaweke hapa, kila mtu asome.

Somo ni fupi. Ukiona kila unachokigusa kinapinda, kabla hujamtazama mwenzio mikono, inama kwanza utazame chini ya meza yako. Mimi niliinama nikiwa nimechelewa, na niliyemwumiza ndiye aliyekuwa ananiamini kuliko wote.

Masharti yalikuwa Shangazi ayasome kabla sijayapandisha. Jana usiku akakaa nayo mezani. Akacheka pale pa kiatu. Pale pa kijiko akarudia kusoma mara mbili.

Alipofika pale niliposema rula niliikanyaga kwa bahati mbaya, akanyanyuka. Akaleta kipande kimoja, akapitisha kidole kwenye ncha yake, taratibu, kama anavyokagua mshono.

"Injinia."

"Naam, Shangazi."

"Huo mguu wako una meno ya msumeno?"